Balot alikuja kwao na viza ya kurudi

Leo nazungumzia maonyesho ambayo wengi wetu hatukuyaona kwa macho, lakini yanatuhusu kuliko karibu yote yaliyofanywa Ulaya kwa jina la Kongo miaka hii.

Kuanzia tarehe 20 Aprili mpaka 24 Novemba 2024, nyumba ya Uholanzi katika Bienale ya Venice ilikuwa mikononi mwa watu wa Lusanga, mkoa wa Kwilu. Sisemi Waholanzi wenye asili ya Kongo, wala wasomi wa Kinshasa waliokulia Ulaya. Nasema watu waliozaliwa kwenye mashamba ya zamani ya michikichi na bado wanaishi huko. Kundi lao linaitwa CATPC, yaani Cercle d'Art des Travailleurs de Plantation Congolaise. Lilianzishwa mwaka 2014, na rais wake ni René Ngongo, yule mtu wa mazingira ambaye wengi wanamjua kwa kazi yake juu ya misitu. Kila kitu nilichosoma juu ya maonyesho yao kinasifu. Mimi pia nasifu, lakini si kwa sababu ileile, na kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita kimya.

Mutaniuliza: wewe hukufika Venice, unahukumu sanamu namna gani? Ni kweli, sanamu ni kitu cha kuzunguka, na ile ya shokola ina harufu ambayo mega za simu haziwezi kuleta. Nimeona picha, video na filamu, basi. Lakini maonyesho haya yenyewe yalijengwa juu ya kuangalia kwa mbali. Mtu aliyelipa tikiti akaingia mule Venice, kitu cha maana zaidi alikiona kwenye ekrani, juu kitu chenyewe kilikuwa Lusanga. Kwa hiyo yeye na mimi hatukuwa mbali sana.

Kwa wale ambao hawajui Bienale: ilianza mwaka 1895, na katika bustani yake inchi mbalimbali zina nyumba zao za kudumu. Ni kama michezo ya dunia, isipokuwa hakuna timu inayotolewa. Kongo haina nyumba mule. Katika Afrika nzima Misri njo inchi pekee yenye nyumba yake bustanini. Inchi zingine zinapanga vyumba na majumba mjini, zikipata pesa. Uholanzi ina jengo safi sana lililochorwa na Rietveld katika miaka ya 1950, lenye kuta nyeupe na mwanga unaoingia kutoka juu. Jengo hilo walipewa CATPC pamoja na Mholanzi Renzo Martens, na msimamizi wa maonyesho akawa Hicham Khalidi. Jina walilochagua ni refu. Kwa Kiswahili ningelisema hivi: Sherehe ya kimataifa ya kufuru na utakatifu.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana bila Lusanga huwezi kuelewa chochote.

Lusanga iliitwa Leverville. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilifanya mapatano na William Lever, Mwingereza wa sabuni ya Sunlight, na kampuni yake ya Huileries du Congo Belge ikapata haki juu ya maeneo matano ya duara, kila moja lenye nusu-kipenyo cha kilometa 60. Chukueni bikari na ramani, mutaona ukubwa wake. Kule Uingereza Lever alijenga kijiji kizuri kwa wafanyakazi wake, Port Sunlight, na mwaka 1922 akafungua ndani yake nyumba ya sanaa kwa kumbukumbu ya mke wake. Iko mpaka leo na watu wanaitembelea. Baadaye kampuni ikawa Unilever, na kutoka mwaka 2000 mpaka 2012 Unilever njo ilikuwa inalipia maonyesho makubwa ya ukumbi wa Tate Modern kule London, yenye jina la kampuni mbele. Hoja ya CATPC inaanzia hapo: faida ya mashamba ilijenga kuta nyeupe za sanaa, na wale waliokata ngazi hawakuwahi kuzipata wala hawakualikwa ndani. Ni hoja ambayo sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Mwaka 1931, wakati bei ya mawese ilikuwa imeanguka na kodi haikuanguka, Wapende waliasi. Moto uliwashwa na ubakaji wa mwanamke mmoja wa Kipende. Afisa wa serikali, Maximilien Balot, aliuawa. Serikali ililipiza kwa risasi, na Wapende waliokufa ni mamia. Katika mwaka uleule mtu fulani alichonga mbao, akatoa sura ya Balot. Kazi ya sanamu ile haikuwa ukumbusho. Ilikuwa ya kufunga roho ya mzungu yule, isitembee, isidhuru, na nguvu yake itumikie watu wa pale. Miaka 41 ikapita. Mwaka 1972 profesa wa Marekani Herbert Weiss, aliyekuwa amechunguza siasa za Kwilu wakati wa uhuru, aliinunua akaichukua. Mwaka 2015 ikanunuliwa na Virginia Museum of Fine Arts, mjini Richmond.

Basi CATPC waliitaka. Katika filamu moja Ced'art Tamasala na Matthieu Kasiama wanasafiri mpaka Richmond kuiona. Waliomba kuazima. Mambo yalichelewa. Mwaka 2022 walifanya kitu ambacho kiliwachekesha vijana wengi na kuwakasirisha wenye makumbusho: walichukua picha ya sanamu wakaiuza kwenye intaneti kwa vipande, zile NFT ambazo kila mtu alikuwa anazungumzia wakati ule, ili wanunue ardhi. Makumbusho yalipinga. Mwishowe yalikubali kuiazimisha kwa muda wa Bienale. Na badala ya kuipeleka Venice, mahali ambapo dunia yote ya sanaa ingeiona, waliileta Lusanga. Venice walipelekewa picha yake tu, moja kwa moja, kwa kamera.

Hapo njo nawavulia kofia. Wasanii wetu wengi wakipata nafasi Ulaya wanabeba kila kitu kizuri walicho nacho, wanakipeleka kule. Watu wa Lusanga walifanya kinyume. Walitumia jina na pesa ya Venice kama kamba ya kuvuta kitu kirudi kijijini, na mgeni wa Venice, aliyezoea kwamba vitu vyote vinakuja mbele ya macho yake, aliachiwa ekrani. Ni wazo lililo wazi, halihitaji karatasi ya maelezo ukutani. Mama mwenye kuuza chikwangue angelielewa haraka kuliko mkosoaji wa gazeti la Paris.

Sanamu nyingine, zile zilizokuwa Venice zenyewe, zinazungumziwa kidogo sana, na hilo linaniudhi. Ukisoma makala za Ulaya unakuta hesabu ya hekta. Wamekomboa kama hekta 200 kwa pesa za sanaa, wanapanda miti na chakula pale palipokuwa na michikichi tu. Vizuri sana, hata mimi nafurahi. Lakini kama Henry Moore angelinunua shamba, nani angeliandika juu ya shamba badala ya sanamu? Inaonekana mtu wa Lusanga akifanya sanaa, lazima kwanza tuhesabu amejisaidia namna gani, kama vile tunasoma ripoti ya shirika la misaada.

Basi tuziangalie. Zinaanza kwa udongo wa Lusanga, zinafinyangwa kwa mkono. Kisha mashine inasoma umbo lake na umbo hilo linamwagwa Ulaya kwa kakao na mafuta ya mawese. Udongo uko laini, kwa hiyo alama za vidole zinabaki, na hata shokola inazihifadhi. Ngozi ya sanamu si laini kama ya duka. Ina mikunjo, mabonde, kama ardhi baada ya mvua. Rangi ni ile ya kahawia nzito inayokula mwanga, na juu ya ukuta mweupe wa Rietveld inaonekana kama shimo. Maumbo yanabanana: mtu juu ya mtu, mnyama, kikapu, mti. Kuna watu watasema yamejaa mno. Nakubali kwa baadhi. Ziko sanamu ambazo zinataka kueleza historia nzima kwa mara moja, ukoloni, ardhi, mababu, makumbusho, na macho hayapati pa kukaa.

Lakini linganisheni na zile walizofanya mwanzo. Mwaka 2014 Jérémie Mabiala na Djonga Bismar walifanya mtu mmoja tu, amekaa, wakamwita mkusanyaji wa sanaa. Basi. Watu waliokatazwa kuingia kwenye nyumba ya sanaa wamemchukua mwenye nyumba, wamemkalisha, wamemtengeneza kwa shokola, kisha wamemuuzia yeye mwenyewe. Ni mzaha mkali, na hauhitaji kelele. Na Irène Kanga, katika kazi yake ya mwaka 2020 inayoitwa kwa Kifaransa L'Amour forcé, amerudi kwenye ubakaji ule wa 1931. Wote walikuwa wanaongea juu ya Balot. Kanga amemrudisha mwanamke katikati. Kwangu mimi hii njo kazi yenye nguvu kuliko zote za kundi, juu inakataa kwamba historia ile ni ya wanaume wawili, mzungu aliyekufa na mchongaji aliyemfunga. Kama ningelikuwa na mamlaka yoyote, ningeliiweka mkabala na sanamu ya Balot, chumba kimoja, bila maneno.

Tuseme sasa juu ya shokola yenyewe. Wengine wanaona ni ujanja wa kuvutia watu. Mimi naona iko sawa, lakini kwa sababu nyingine tofauti na ile wanayoitoa. Munajua njia ya kobalti yetu: inatoka Kolwezi ikiwa mawe, inarudi ikiwa simu, na bei imebadilika katikati. Sanamu hizi zinafuata njia ileile bila kuificha. Mkono uko Lusanga, umbo la mwisho liko Amsterdam, soko liko New York na Venice. Ukila kipande cha shokola huoni njia hiyo. Ukisimama mbele ya sanamu ya shokola yenye alama za vidole vya mtu wa Kwilu, huwezi kuacha kuiona.

Renzo Martens ni swali ambalo wanafunzi wataniuliza lazima. Yeye njo alifanya filamu ya Enjoy Poverty mwaka 2008, ambamo anawaambia wapiga picha wa Kongo kwamba umaskini wao ni mali, wanaweza kuuza picha zake wenyewe kama wazungu wanavyouza. Filamu ile iliudhi wengi, na ilifaa iudhi. Baadaye akaja Lusanga, na mwaka 2017 likafunguliwa pale jengo jeupe la makumbusho, lililochorwa na ofisi ya OMA, ambalo wanaliita White Cube. Je, mzungu huyu anawaongoza au anawasindikiza? Nimejiuliza sana. Jibu langu ni kwamba Venice ilibadilisha kitu. Katika filamu waliyoionyesha mule, White Cube yenyewe inawekwa mahakamani, inashitakiwa na watu wa Lusanga. Jengo lililoletwa kama zawadi ni mshitakiwa. Hata kama Martens alishiriki kupanga, mashitaka yanasikika kwa sauti ya wale wanaoishi karibu na jengo, na wanazungumza kama watu wanaodai deni. Hakuna anayeshukuru. Hilo ni jipya kwangu. Tumezoea filamu za miradi ambamo kila mtu mwishoni anashukuru.

Sasa neno langu la kugombana.

Balot aliletwa Lusanga, watu wakamwona, wazee walikuwepo, ngoma zilipigwa. Mwezi wa 11 Bienale ikafungwa, na mkopo ukaisha pamoja nayo. Sanamu ni mali ya Richmond. Munajua viza ya muda mfupi ilivyo: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na mtu wa kukudhamini. Sanamu iliyochongwa Kwilu, kwa kazi ya watu wa Kwilu, ilikuja kwao kwa karatasi za namna hiyohiyo. Mdhamini alikuwa Uholanzi.

Mutaniambia: ilikuwa hatua ya kwanza, mkopo ni bora kuliko picha. Nakubali. Mutaniambia pia profesa aliinunua kwa pesa, hakuiba. Sawa, lakini kuna kitu ambacho sheria ya kununua na kuuza haijibu. Sanamu ile ilikuwa kifungo. Mtu akinunua kufuli ya mlango wako kwa jirani aliyekuwa na shida ya franga, mlango unabaki wazi. Makumbusho ya Richmond yanaitunza vizuri, sina shaka: hewa kavu, kioo, taa ndogo. Yanaitunza kama mbao. Kazi yake nyingine haifanyiki mule, na hakuna mtunzaji mwenye diploma anayeweza kuifanya.

Na maonyesho, kwa uzuri wake wote, yalilainisha jambo hili. Yalipewa jina la sherehe. Picha zilizosambaa ni za kuwasili: sanduku linafunguliwa, watu wanafurahi, kamera zipo. Za kuondoka sijaona zilizosambaa vile. Mimi ningelitaka Venice ione siku ile pia, kwa ekrani ileile, bila muziki, sanduku linafungwa na skurubu zinaingia moja moja. Hiyo ingekuwa kazi ya sanaa kamili. Kuonyesha kurudi kwa mkopo ni kuonyesha ukweli wa mkopo. Wakosoaji wengi waliandika neno "kurudishwa" pale ambapo neno sahihi lilikuwa "kuazimwa", na maonyesho hayakuwasahihisha kwa sauti ya kutosha.

Kuna kitu kingine nilikiwaza juu ya inchi hii ya Uholanzi, na kinatuhusu sisi wa Lubumbashi moja kwa moja. Kati ya mwaka 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa kwetu, alichora historia ya Zaire kwa michoro kama mia moja, akamweleza profesa Johannes Fabian mchoro kwa mchoro, kwa Kiswahili. Si Kiswahili cha vitabu. Ni hiki chetu cha mtaani. Michoro ile iko Amsterdam, katika makumbusho yaliyokuwa yanaitwa Tropenmuseum. Uholanzi iliyotoa nyumba yake ya Venice kwa watu wa Lusanga ina ndani ya stoo zake historia ya inchi yetu, iliyosimuliwa kwa lugha yetu. Lumumba yumo, Elisabethville yumo, wafanyakazi wa migodi wamo.

Mfano wa Lusanga unaweza kufanya kazi hapa, na kwa urahisi kuliko kule. Lubumbashi haikosi mahali. Kuna makumbusho ya taifa, na kuna Bienale yetu iliyotoka kwenye kazi ya Picha, kikundi ambacho Sammy Baloji na wenzake walianzisha hapa, kikaanza mikutano yake mwaka 2008. Baloji mwenyewe amepita Venice, amepita documenta ya mwaka 2017, anajua milango na watu wa milangoni. Kinachohitajika ni barua ya kuomba, na watu watakaoifuata miaka minne au mitano bila kuchoka, kama Tamasala na Kasiama walivyofanya. Ila barua isiombe mkopo wa miezi saba. Iombe mazungumzo juu ya mahali ambapo michoro ile itakaa.

Wakati huo maneno ya Tshibumba yako kwenye intaneti, bure, yameandikwa yote katika hifadhi ya Kiswahili cha watu ambayo Fabian na wenzake waliifungua. Mwenye mega chache anaweza kuanza usiku huu. Anzeni na sehemu ya kabla ya uhuru. Anapoeleza namna wazungu walivyofika, soma kwa sauti, mbele ya mzee kama yuko nyumbani, na muone kama atakubali au atamkatiza.